Picha ya Mteremko Mtupu

Kijana, picha hushikwa pembeni, kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kikombe cha uji wa moto. Nimelisema hilo miaka mingi hata mke wangu anadai ninalisema usingizini. Sasa nimestaafu, lakini ninyi vijana wa kazi hii bado mnakuja hapa kwangu Themi, mnakaa kwenye kochi, mnanipa picha ya zamani na kuniuliza, "Mzee Lazaro, hapa ni wapi?" Mnadhani nikitupa jicho tu najua. Sijui! Kusoma picha ni kazi kama kazi nyingine. Imenilisha, imenisomeshea watoto, imeniharibia macho, na naipenda hivyo hivyo. Kwa hiyo leo nyamazeni kidogo niwaeleze inavyofanywa, maana naona mnaifanya vibaya.

Nilikuwa mtunza picha katika jumba moja la kumbukumbu hapa mjini Arusha. Picha zenyewe zilikuwa za mandhari: milima, mabonde, mito, mashamba. Walizipiga Wajerumani kwanza, halafu Waingereza, nyingi zikiwa kwenye vioo, si karatasi. Wenye kamera walizunguka Mlima Meru wote na mizigo yao ikibebwa na babu zetu vichwani, wakapiga, wakaandika maelezo mafupi chini, wakaenda zao. Kazi yetu sisi ilikuwa kujua mpigaji alisimama wapi, alikuwa anatazama wapi, na palikuwa na nini pale ambacho yeye hakukitaja.

Mkuu wangu aliitwa Mzee Lomayani, Mwarusha wa Terrat, mtu mrefu, mkavu, ambaye alikuwa hacheki mpaka wewe uwe umeshaaibika. Siku yangu ya kwanza alichukua kipande cha plasta ya kidonda akakibandika juu ya maelezo ya picha. Akanisogezea. "Soma."

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, umeziba maandishi."

"Marahaba. Ndiyo maana nimeziba. Maandishi ni ya mwenye kamera. Wewe nataka uniambie habari za mlima. Na usianzie katikati, katikati ndipo alipotaka utazame. Anza kwenye pembe."

Nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote kwa namna hiyo, pembe kwanza, katikati baadaye, maandishi mwisho. Ukianza na maandishi, umekwisha. Ukisoma "msitu", utaona msitu, hata kama mbele yako ni migomba iliyopandwa kwa mistari.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Kuna siku walikuja wageni, watu wakubwa, na mimi kijana mwenye shati jipya nikapewa nafasi ya kuzungumza. Nikawaonyesha picha ya kilele cha Meru na wingu jeusi likipanda juu yake. Nikawahubiria! Nikasema Meru ilikuwa ikitoa moshi, nikaeleza habari za majivu, nikaeleza jinsi wazee walivyoogopa. Mama mmoja akawa anaandika. Mzee Lomayani alikaa nyuma, mikono kifuani. Wageni walipokwisha kuondoka akaniita, akaniwekea lenzi juu ya huo moshi wangu. Ulikuwa na mistari. Mistari ya kidole gumba. Fundi aliyekiosha kile kioo alikigusa kabla hakijakauka. Ndipo mzee akacheka, akacheka mpaka akashika meza, na tangu siku ile nilipokosea chochote aliniuliza, "Leo nako moshi unatoka?"

Jambo jingine mjue. Kamera zile hazikuwa kama simu zenu. Ilibidi mwanga uingie kwa kitambo, na kila kilichotikisika wakati ule kilifutika au kikawa ukungu. Kwa hiyo mawe yanaonekana vizuri, miti siku isiyo na upepo inaonekana vizuri, lakini mama anayetembea na mzigo wa majani ya ng'ombe haonekani. Ng'ombe wanabaki kama vumbi. Mtoto anabaki kama doa. Halafu mwenye kamera anaandika chini kwamba nchi hii ni tupu, haina watu. Jamani! Watu wapo, ila walikuwa na shughuli zao, hawakuwa na nafasi ya kumsimamia mgeni. Waliobaki kwenye picha ni wale aliowashika akawaambia msitikisike, tena mara nyingi aliwaweka pembeni ili aonyeshe ukubwa wa jiwe au mti.

Sasa ninyi mna mitambo. Sisi tulikuwa na lenzi ya mkononi na taa ya mezani, ninyi mnavuta picha kwa vidole viwili mpaka mnahesabu vifungo vya shati. Mjukuu wangu alinionyesha kitu kinaruka kama nyuki, kinapiga mteremko mzima kutoka juu. Nilimwambia ni upuuzi, halafu usiku nikashindwa kulala kwa wivu. Lakini kioo kina jambo moja ambalo mtambo wenu hauwaambii. Kioo cha picha kina pande mbili. Upande mmoja unang'aa, ni kioo kitupu. Upande wa pili umefifia kidogo, ndio wenye utando wa dawa, ndio wenye picha. Ukikilaza kinyume wakati wa kunakili, picha inatoka safi kabisa, haina kasoro, isipokuwa kulia kumekuwa kushoto na kushoto kumekuwa kulia. Ukiwa na kioo chenyewe mkononi unakielekeza dirishani, unajua mara moja. Ukiwa na nakala kwenye simu, ndugu yangu, huna dirisha.

Na hilo ndilo lililotaka kutumaliza kwa Elifuraha.

Elifuraha ni binti wa Kimeru, kwao ni mteremkoni huko juu, sehemu ya kahawa na migomba. Alikuja kwangu nikiwa nimestaafu tayari. Aliingia, akanipa shikamoo, hakukaa hata kwenye kiti vizuri.

"Babu, nimeambiwa wewe unasoma picha. Nisomee hii, maana baba anauza shamba."

Nikamwambia apumue kwanza, nikamwekea chai. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Alikuwa amefanya kazi mjini, akaacha, akarudi shambani kwa wazazi na kuotesha miche ya kahawa. Miche ilikuwa imeshika vizuri. Tatizo ni maji. Kitongoji chao kiko upande ambao mfereji haufiki, na kila kiangazi migomba inakunjamana. Baba yake, Mzee Anaeli, alikuwa amechoka. Alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kujenga nyumba za wageni, na ameshatamka mbele ya familia: mahindi ya masika yakivunwa na maji hayajaonekana, anauza, wanahamia mjini.

"Wazee wanasema zamani palikuwa na mfereji wetu," akasema Elifuraha. "Walowezi walipochukua eneo lile, watu walihamishwa, mfereji ukafa. Waliorudi baadaye hawakujua ulipita wapi. Sasa kamati ya mifereji inasema mfereji mpya hapana, mto hautoshi. Ila wa zamani, ukionyesha ulipopita, unafufuliwa, ni haki yenu."

"Na baba anasemaje?"

"Baba anasema hapakuwa na mfereji. Anasema hata Mjerumani mwenyewe ameandika."

Akafungua simu. Picha ilitoka kwenye hifadhi moja ya huko ng'ambo, mtu amemtumia. Chini kulikuwa na maneno ya Kijerumani, kijana mmoja wa mtaani kwao alikuwa ameshayatafsiri: mteremko mtupu, karibu na Meru. Nikaweka kidole changu juu ya maandishi. Mazoea.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Mpigaji alisimama chini anatazama juu. Mlima ulikuwa umejifunika, unajua Meru mchana ilivyo, kwa hiyo kilele hakionekani. Kuna msitu juu, halafu migongo miwili ya kilima inashuka, inafanana kama mapacha, na korongo katikati. Kwenye pembe ya chini kuna watu wawili, mzee mwenye fimbo na msichana anayempa kibuyu, wamewekwa pale kwa kipimo. Niliwatazama, nikasema huyu binti ana adabu, nikaendelea. Maana juu yao, kwenye mgongo wa kushoto, niliona mstari.

Mstari mweupe, mwembamba. Mtu yeyote angesema njia. Lakini njia ya mguu mlimani hushuka moja kwa moja, maana mtu ana haraka. Huu haukushuka. Ulitembea ubavuni mwa kilima, unainama kidogo kidogo tu, na chini yake kulikuwa kweusi kwa majani, juu yake kweupe kwa ukame. Nilipiga meza chai ikamwagika.

"Mfereji!" nikasema. "Na ile chini yake ni migomba. Mtupu gani huu?"

Elifuraha aliruka akanikumbatia, mimi mzee wa watu, mke wangu akatoka jikoni kuona kuna nini.

Basi tukapanda. Kamati ilikubali tutafute. Mwenyekiti wake ni mama mmoja asiye na mchezo, akasema, "Nionyesheni mawe ya mfereji. Picha ya simu sioni vizuri." Tukatafuta mahali aliposimama mpigaji, tukapapata, kwenye kiwanja cha chini ya kanisa. Migongo ilikuwa pale pale, korongo pale pale. Watu wakaitwa kwenye msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, bila malipo, kama ilivyo desturi ya huko. Tukaingia mgongo wa kushoto. Tukafyeka, tukachimba.

Hakuna kitu. Mwamba. Tukapanda juu kidogo, tukachimba tena. Mwamba, na siafu. Msaragambo wa pili watu walipungua. Wa tatu walikuja wachache, tena wengine nadhani walikuja kuangalia kichekesho. Kijana mmoja akaniuliza kama natafuta mfereji au mawe ya kujengea kaburi langu. Nilimjibu vibaya, sitawaambia nilichosema. Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, yanangoja kuvunwa, na binti wa watu ameniamini.

Mchana ule Mzee Anaeli alitupa jembe chini. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Akamwambia binti yake, "Elifuraha, mama. Umejitahidi. Basi. Jumatatu namwita yule bwana."

Elifuraha alichomeka jembe ardhini kwa nguvu, nikajua amekasirika. Chakula kilikuwa kimeletwa, loshoro kwenye ndoo, yale mahindi na maziwa mgando, na yeye ndiye aliyekuwa anagawa. Akajaza kibakuli. Akamwendea baba yake. Hakumtazama usoni, alikuwa amegeuza shingo kabisa. Lakini mkono wa kulia ulikwenda mbele na kibakuli, na wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, na goti likakunjika kidogo. Hasira zote zile, na mkono haukukosea.

Nikamwambia, "Simu. Elifuraha, nipe simu, upesi!"

"Babu, simu ya nini sasa?"

"Nipe!"

Nikavuta ile pembe ya chini, wale watu wawili. Msichana anatoa kibuyu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika kiwiko. Mzee anapokea kwa kushoto, fimbo iko kulia. Nikapiga kelele kama mwendawazimu. "Imegeuka! Picha imegeuka!"

Mzee Anaeli akatafuna kwanza, akameza. "Imegeukaje?"

Nikamweleza habari ya kioo na pande zake mbili, maneno yananikimbia mdomoni. Akanisikiliza, akachukua simu, akaiweka mbali na macho kama tufanyavyo watu wa umri wetu. "Labda binti alikuwa wa mkono wa kushoto," akasema.

"Mzee Anaeli, na yule babu naye wa kushoto? Wote wawili, siku moja, mbele ya mgeni? Wewe mtoto wako wa kushoto ungemruhusu akupe kibuyu hivyo?"

Akatazama kibakuli mkononi mwake. Akamtazama binti yake. "Ningekataa kupokea," akasema taratibu.

"Basi huyo naye angekataa!"

Sasa sikilizeni, hilo ndilo nataka mlichukue. Nilikuwa nimewaona watu wale mara ngapi? Nilikuwa nimewasifu hata adabu yao. Lakini niliwaona kwa jicho la mwenye kamera, kama kipimo cha ukubwa wa kilima. Sikuwatazama kama watu waliolelewa na mama zao. Mzee Lomayani angekuwa hai angeniuliza habari za moshi, na angekuwa na haki.

Elifuraha hakungoja nimalize. Alishachukua jembe, alishavuka korongo, anapanda mgongo wa kulia na gumboti zake, akituita bila kugeuka. Tukamfuata, wale wachache. Upande ule ulikuwa umefunikwa na vichaka vya miiba, na nani angehangaika nao, hata mbuzi hawapiti. Tukafyeka mpaka mikono ikatoka damu. Jua lilikuwa limeinama tulipomsikia mtu anasema, "Njooni hapa." Ni yule kijana wa mawe ya kaburi. Alikuwa amepiga magoti. Chini ya udongo kulikuwa na mchanga laini, ule unaoletwa na maji na kulala, na kando yake mawe, jiwe na jiwe, yamepangwa kwa mkono. Akayafuata kwa viganja, yanaendelea. Akayafuata tena, yanaendelea. Kijana akaanza kulia, na mimi nikalia, sioni haya kuwaambia.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kesho yake akiwa na miwani. Alitembea juu ya mawe yale kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika juu mtoni, penye banio la zamani, pale maji yalipokuwa yakigeuzwa kuingia mfereji, akaona mawe makubwa matatu bado yameshikana, akavua viatu, akasimama ndani ya maji. "Huu ni mfereji," akasema. "Uchimbeni."

Ajabu ni jinsi watu walivyorudi. Msaragambo uliofuata hapakuwa na pa kuweka mguu. Walikuja hata wa vitongoji vingine, akina mama na masufuria, mchungaji na jembe lake, vijana na muziki wao wa kwenye spika. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na yule mnunuzi alikuwa ameshapiga simu, na Mzee Anaeli alikuwa amemjibu kwamba yuko shughulini. Hakusema hauzi. Elifuraha alinitazama tu.

Siku banio lilipofunguliwa, msitegemee kwamba maji yalikuja yakikimbia. Mfereji uliokauka miaka yote ile una kiu yake. Maji yalikuwa yanatembea polepole, yanasukuma majani makavu mbele, yanasimama, yanazama, yanatokea tena. Elifuraha alikuwa anatembea mbele yake, kinyumenyume, anaondoa majani kwa mikono, anayasemesha kama ndama mgeni. "Njoo, njoo, njoo." Watu wote tunafuata kandokando. Yalipofika kwao yakalowesha shina la mgomba wa kwanza, na harufu ya udongo uliolowa ikapanda, na mama mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele.

Mwenyekiti akafungua daftari lake palepale kupanga zamu, maana maji bila zamu ni ugomvi. Akaanza kutaja siku na nyumba. Alipofika Alhamisi akataja jina la jirani.

"Alhamisi ni yangu," akasema Mzee Anaeli.

Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani. "Mzee, wewe si unauza?"

"Nani anauza?" Mzee akapandisha sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mimi nauza? Nani kasema? Shamba hili ni la babu zangu, mfereji huu ni wa babu zangu, wapo pale kwenye picha! Alhamisi ni yangu, na nikifa ni ya huyu binti, na mtu akigusa Alhamisi yetu tutaonana!" Alikuwa amesimama katikati ya mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, machozi yanatiririka na yeye hana habari nayo. Jirani alikuwa anacheka huku akisema sawa mzee, sawa, chukua Alhamisi yako.

Elifuraha alijifuta uso kwa mkono wenye matope, akawa na matope mpaka kwenye nywele. Akamshika baba yake mkono.

"Baba," akasema, "toa mguu basi, unaziba maji."